Umepauka na Joto Lote Hili la Mombasa? Jitengenezee Mafuta ya Ngozi Kavu Nyumbani

Umetoka kuoga saa hii, umejikausha fiti, lakini ukipitisha ukucha mguuni unaacha mstari mweupe kama chaki ubaoni. Usijali, hauko peke yako. Kuanzia Likoni, Kisauni hadi Changamwe, wasee kibao wamepauka, na wengi hukimbilia krimu ya kwanza wanayoonyeshwa. Hapo ndipo noma huanzia. Leo jifunze kujipikia mafuta yako mwenyewe, kwa vitu ambavyo vingi vyake viko sokoni karibu nawe.

Mbona upauke na Mombasa kuna unyevu?

Shida iko bafuni. Joto linakufanya uoge mara mbili au tatu kwa siku. Mfereji ukikauka, mitaa mingi ya bara hutegemea maji ya kisima, na mengi yana chumvi. Maji hayo hayatoi povu upesi, kwa hivyo unazidisha sabuni. Kama ni ile ya mche ya kufulia nguo, ndio kabisa: inaondoa mafuta ya asili yanayolinda ngozi. Ongeza jua, na zile siku unaogelea Shelly Beach halafu unarudi mtaani na chumvi mwilini bila kujisuuza.

Sasa shika hii: mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuzuia yale yaliyomo yasitoroke. Ndiyo maana unafaa kupaka ndani ya dakika 3 baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Ukingoja ikauke kabisa, hata mafuta ya bei kali hayatakusaidia sana.

Chagua mafuta yako

- Nazi: Huyu ndiye boss wa pwani. Mwaka 2004, madaktari Ufilipino walijaribu mafuta ya nazi kwa watu wenye ngozi kavu, wakayalinganisha na mafuta ya madini yanayotumika kwa losheni nyingi. Yote mawili yalilainisha ngozi vizuri. Nunua yale ya nazi tupu, si yale ya nywele yaliyotiwa manukato na rangi.
- Simsim: Mepesi kuliko mengi, yanafaa kama hupendi kung'aa kama samaki.
- Mbarika: Mazito, mazuri kwa visigino na viwiko vilivyokakamaa.
- Shea: Hutoka kwa mti unaomea kaskazini mwa Uganda, miongoni mwa sehemu nyingine. Ni mazito kama siagi na yanakaa kwenye ngozi muda mrefu.
- Nta ya nyuki: Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Nairobi asubuhi ya Julai yanaganda, lakini joto la Mombasa huyafanya maji matupu. Nta ndiyo itakayoyashika.

Unachohitaji

- Nusu kikombe cha mafuta ya nazi
- Vijiko 4 vya mezani vya shea
- Vijiko 3 vya mezani vya nta iliyokunwa
- Kijiko 1 cha mbarika, ukitaka
- Chupa ya kioo yenye kifuniko, safi na kavu kabisa

Namna ya kupika

1. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, kisha punguza moto. Weka bakuli la chuma au la kioo kisichopasuka kwa moto juu yake. Usiweke mafuta na nta moja kwa moja kwenye jiko. Nta hushika moto.
2. Tia nta kwanza. Ikiyeyuka, ongeza nazi na mbarika, koroga.
3. Epua, kisha tia shea. Koroga mpaka iyeyuke.
4. Chota tone kwenye kijiko, kiweke kwa friji au juu ya maji baridi dakika chache. Ikiwa laini mno, rudisha bakuli juu ya maji ya moto uongeze nta kidogo. Ikiwa ngumu kama mshumaa, ongeza nazi.
5. Mimina kwenye chupa, acha ipoe bila kufunika, ndipo ufunge.

Weka mbali na jua, na uchote kwa kijiko kikavu. Usitie maji, tui wala utomvu wa shubiri kwenye mchanganyiko, maana ukungu utaota humo ndani hata kabla hujauona. Ikianza harufu ya kuchacha, tupa.

Kabla hujajipaka mwili mzima

Paka kidogo ndani ya mkono, ngoja saa 24. Ukiona vipele au kuwashwa, achana nayo. Kama una chunusi, usipake nazi usoni. Inaweza kuziba vinyweleo. Na tafadhali, usitie ndimu eti ing'arishe. Ndimu ikikutana na jua la Mombasa inaweza kukuachia malengelenge na alama nyeusi. Kwa mtoto mchanga, uliza kliniki kwanza.

Jihadhari na mkorogo

Ngozi kavu ndiyo mlango ambao mkorogo huingilia. Unaambiwa "hii inalainisha", unapewa kikopo kisicho na jina, na baada ya wiki mbili unaanza kuwa mweupe. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na vile vya kujichubua vyenye haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo, na krimu nyingine huchanganywa na dawa kali za ngozi ambazo zikitumika ovyo huifanya iwe nyembamba, ikachanika kirahisi. Kama kikopo hakionyeshi kilichomo ndani, kirudishe, hata kama muuzaji ni beste yako.

Halafu tuambiane ukweli: mafuta hayatibu kila kitu. Mabaka ya mviringo yanayowasha yanaweza kuwa ukurutu au fangasi. Ukiona ngozi inapasuka na kutoa maji au damu, au ukavu umekuja pamoja na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, nenda kituo cha afya upimwe, sukari ikiwemo.

Usiku wa leo anza hivi: oga kwa maji yasiyo moto sana, sabuni kidogo kwapani, miguuni na sehemu za siri tu, jifute kwa kugusagusa, kisha paka kabla hujavaa. Jipe wiki mbili, halafu ujikwaruze mguu tena. Ule mstari wa chaki unaweza kuwa umeisha, na ganji ya krimu bado iko mfukoni.