Nakala ya Nakala

Februari 1986, majaji wa Baraza la Malodi jijini London, ambalo zama hizo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza, walitoa hukumu kuhusu bomba la moshi. Bomba lenyewe lilikuwa ekzosi ya Morris Marina, gari la kawaida kabisa la familia. British Leyland, kampuni iliyoliunda gari hilo, ilitaka kila anayetengeneza ekzosi zake ailipe mrabaha. Kampuni ya Armstrong Patents ilikataa. Ilichukua ekzosi halisi, ikapima kona na vipenyo vyake, ikatengeneza ya kwake na kuiuza. Mahakama mbili za chini ziliipa ushindi British Leyland: mchoro ni mali ya mwenye mchoro, na anayepima kitu kilichotokana na mchoro huo anaunakili. Malodi walikubali kwamba huko ni kunakili. Lakini walisema mwenye gari ana haki ya kulitengeneza kwa gharama nafuu, na kampuni iliyouza gari haiwezi kuibana haki hiyo kwa hakimiliki. Armstrong ikashinda.

Kesi hiyo inanihusu. Ninatunza Land Rover Series III ya 1974, na aina hiyo iliacha kuundwa mwaka 1985. Karibu kila kitu ninachokibadilisha leo, kuanzia bushi za springi hadi sili za magurudumu, kimetengenezwa na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kiwanda cha Solihull. Kama kunakili kungekuwa marufuku, gari langu lingekuwa banda la kuku zamani. Kwa hiyo nipo upande wa Malodi. Ninachotaka kueleza ni kile ambacho hukumu yao haikuweza kukitoa.

Tukienda Kariakoo kununua spea tuna maneno matatu: orijino, feki na mtumba. Feki ni ile inayodanganya, yenye jina la kampuni fulani juu ya boksi na kitu cha kampuni nyingine ndani. Hiyo ina sheria yake. Tanzania tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani hupita madukani na kukamata. Lakini spea nyingi za magari ya kale si feki kwa maana hiyo. Boksi linasema kweli jina la mtengenezaji, risiti ni halali, ushuru umelipwa. Ni nakala, na nakala inaweza kuwa nzuri au mbovu bila kuvunja sheria yoyote. Tukiita zote feki tunakosa kuona ubovu unatoka wapi.

Unatoka kwenye mchoro. Mchoro wa kiwandani hauonyeshi umbo peke yake. Unataja aina ya chuma, ugumu wake baada ya kupikwa na kupozwa, mpira wa namna gani utumike, na kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa kiasi gani. Anayenakili bila mchoro ana kipande kimoja tu mkononi. Anaweza kukipima kwa kalipa, lakini kalipa haisomi ugumu wala haisemi mpira ulichanganywa na nini. Tena mara nyingi kipande chenyewe kimetoka kwenye gari, kimeshalika. Ukinakili kilicholika, unanakili na kulika kwake. Mwingine akiinunua nakala yako na kuipima upya, makosa yanazaana.

Kwa ekzosi ya Marina hilo halikuwa tatizo kubwa. Ekzosi ni bomba. Ikikaa mahali pake na isipovuja, imetimiza kazi yake. Rota ni habari nyingine.

Rota ni kipande cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Kinazunguka ndani ya distributa, kinapokea umeme wa koili, volti elfu nyingi, na kuugawia plagi moja baada ya nyingine. Juu yake kuna ubapa wa shaba unaopitisha umeme. Chini, kwa umbali wa milimita chache, kuna shafti ya chuma. Kinachozuia umeme usiruke kwenye shafti ni ile plastiki. Katika nakala nyingi ribiti inayoshika shaba iliingia ndani mno, au plastiki yenyewe ilikuwa dhaifu, na umeme ukapata njia ya mkato. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Rota inafanya kazi asubuhi, injini ikipata moto inakata, na ukishafanyiwa hivyo unaanza kushuku kabureta, pampu ya mafuta, koili, kila kitu isipokuwa kile ulichokinunua kipya. Huko Uingereza tatizo hili lilijulikana sana kwa wenye magari ya kale, hata ikaundwa rota nyekundu isiyo na ribiti kabisa.

Yangu ilidumu siku tisa. Gari lilizima Mikese, jua la saa nane, nikiwa na magunia ya mbegu nyuma. Fundi wangu wa Gerezani aliponisikiliza kwa simu aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, ile ya zamani uliitupa?"

"Hapana, Mzee. Ipo kwenye boksi la spana."

"Basi isugue kwa msasa laini, irudishe."

Niliirudisha, gari likawaka. Rota hiyo ya zamani ina chapa ya Lucas. Lucas ya Birmingham ilikuwa ndiyo inayotengeneza vifaa vya umeme vya magari mengi ya Uingereza. Mwaka 1996 iliungana na Varity ya Marekani, na mwaka 1999 kampuni hiyo mpya ikanunuliwa na TRW. Jina limeendelea kuchapishwa kwenye maboksi kwa leseni. Ni halali kabisa, ila mnunuzi anayelisoma jina anaamini amenunua kiwanda.

Rota ikifa gari linasimama. Mpira wa breki ukifa gari halisimami, na hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la wapenda magari peke yao. Mafuta ya breki ya kawaida si mafuta ya petroli. Ni ya jamii ya glikoli. Kuna mpira unaovumilia glikoli na kuna mpira unaovumilia oili ya injini, na huo wa oili ukitiwa kwenye glikoli unavimba na kulegea. Yote ni myeusi, yote ina umbo lilelile. Mzee wa Gerezani hana maabara. Ana chupa ya jemu. Mpira mpya anautia kwenye mafuta ya breki, anaacha wiki nzima, kisha anaupima kwa kalipa na kulinganisha na kipimo alichoandika kwenye mfuniko. Nimeona miwili kutoka maduka mawili: mmoja ulibaki vilevile, wa pili haukuingia tena kwenye silinda yake. Kabla sijaona chupa ile nilikuwa nikishuka Kitonga kwa imani tu.

Je, nakala nzuri inawezekana? Inawezekana, na mfano upo. Mwaka 1975 British Leyland ileile iliunda kampuni ndogo, British Motor Heritage, ya kulinda urithi wa magari yake. MGB, gari la michezo lililouzwa zaidi ya nusu milioni, liliacha kuundwa Abingdon mwaka 1980. Kampuni hiyo ndogo ikatafuta kalibu za awali zilizokuwa zikikandamiza mabati ya MGB, na mwaka 1988 ikaanza kuuza bodi nzima, mpya, iliyotoka kwenye vyuma vilevile. Bodi hizo ziliokoa magari mengi yaliyokwisha kuliwa na kutu. Ni nakala zilizotoka kwenye chanzo, si kwenye nakala nyingine.

Sisi wa upande huu tuna sababu ya ziada ya kulijali jambo hili. Magari mengi ya kale ya Ulaya hutoka nje Jumapili chache za kiangazi na kurudi chini ya turubai. Spea mbovu inaweza kukaa humo miaka bila kuumbuka. Land Rover za kwetu bado zinabeba ndizi, maji na watu. Oktoba 2024, kwenye tamasha la Land Rover mjini Arusha, magari ya umri wa wajukuu na ya umri wa mababu yalisimama safu moja, na mengi kesho yake yalirudi kazini. Spea iliyotengenezwa kwa ajili ya Jumapili inakuja kwetu kufanya kazi Jumatatu hadi Jumatatu. Hivyo mafundi wetu wanaujua ubovu mapema kuliko watengenezaji, lakini ujuzi huo unaishia kwenye mfuniko wa chupa ya jemu.

Mwaka huu nimeanza kuandika daftari. Kila spea ninayofunga naandika duka, jina kwenye boksi, tarehe, kilomita, na siku iliyokufa. Ya zamani naiosha, naifunga kwenye karatasi na kuiwekea lebo, hata kama imelika. Mzee amekubali nami ninakili vipimo vyake, vya mipira aliyoikubali na aliyoikataa. Malodi walitupa haki ya kunakili. Michoro hawakuwa nayo ya kutupa, na inabidi tuichore wenyewe.