Akiba tangulizi

Mtu anayehama hutanguliza mizigo, yeye akafuata. Wapangaji wa misaada ya maafa nao hutanguliza, ila hawajui bado nani atahama wala lini. Maturubai, ndoo, blanketi na vidonge vya kutibu maji hununuliwa, vikafungashwa na kupangwa ghalani kabla wingu lolote halijajikusanya. Hiyo ndiyo akiba tangulizi. Wengi husema "akiba ya dharura". Si kosa, ila hapo yametajwa matumizi tu, na akiba ya dharura yaweza kulala yote katika ghala moja la mji mkuu. "Tangulizi" inabeba swali lenyewe: iwekwe wapi, na kiasi gani?

Usiku wa kuamkia 15 Machi 2019 Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji. Beira ni bandari. Shehena za Zimbabwe na Malawi hupitia hapo, kwa hiyo ukitafuta mahali pa kuweka ghala, macho hukimbilia huko. Kisha mito Buzi na Pungwe ikafurika, barabara ya N6 iendayo bara ikakatika, simu zikazima. Mji wa kulisha wenzake ukawa wa kulishwa, na vijiji kadhaa vikawa havifikiki ila kwa helikopta au mashua. Turubai la mita 4 kwa 6 linasitiri familia nzima, lakini si likiwa ng'ambo ya maji.

Ndiyo maana wanahisabati wa upangaji wa misaada hugawa uamuzi hatua mbili. Ya kwanza huamuliwa gizani: maghala mangapi, wapi, na ndani yake nini. Ya pili huja baada ya maafa, ukishajua njia ipi imebaki. Hukaa wakaandika hali tarajiwa, ikiwamo ile wasiyoipenda ya ghala lenyewe kuzama, wakaipa kila moja uzito wake, yaani uwezekano wa kutokea. Mpango unaopendeza kwa wastani waweza kuangusha watu siku mbaya kuliko zote, hivyo wengine hupima hasara ya siku hizo peke yake.

Uzito huo unatoka wapi? Mwaka 1921 mchumi Frank Knight alitenga mambo mawili: lile unaloweza kulikadiria uwezekano wake, na lile usiloweza kabisa. Mtaani yote ni hatari. Ofisi za Serikali ya Tanzania zimezoea "kihatarishi", nami nakichukua kwa lile la kwanza. La pili naliita "kutotabirika". Ni refu, lakini halidanganyi. "Sintofahamu" tuwaachie wasoma habari.

Tofauti hiyo ilionekana wiki sita tu baada ya Idai. Tarehe 25 Aprili Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, ambako kumbukumbu za hali ya hewa hazikuwa na kimbunga cha nguvu hizo. Mtwara nako watu walihamishwa kwa tahadhari, kikapita kusini yao. Aliyepanga maghala kwa takwimu za nyuma angeipa Cabo Delgado uzito wa karibu na sifuri. Desemba 2024 Kimbunga Chido kikapiga mkoa huohuo.

Hata hivyo si kila kitu cha kutangulizwa karibu. Chanjo ya kipindupindu inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na inaisha muda. Ukiitawanya wilaya kwa wilaya, nyingi itaharibika. Hiyo huwekwa pamoja kwa ajili ya dunia nzima: dozi 900,000 hivi zilifika Beira kutoka akiba hiyo baada ya Idai, na uchanjaji ukaanza 3 Aprili 2019. Turubai na ndoo haziwezi kungoja ndege. Hizo zikae wilayani, kwenye mwinuko, hata kama misimu mitatu itapita hazijaguswa na mkaguzi wa hesabu akataka kujua kwa nini fedha imelala.