Wajibu wa Mhariri Mbele ya Jirani: Majarida ya Theolojia ya Ujerumani Mwaka 1933

Katika maktaba za vyuo vingi vya theolojia yamo majuzuu kumi manene ambayo wanafunzi huyaita kwa jina moja tu: "Kittel". Ni kamusi ya theolojia ya Agano Jipya, iliyoanza kutolewa kwa Kijerumani mwaka 1933, ikatafsiriwa kwa Kiingereza kati ya mwaka 1964 na 1976. Tumeitumia kuandaa mahubiri na mihadhara, wala hatuna nia ya kuiondoa rafuni. Lakini jina la mhariri wake wa kwanza linatudai jibu la swali moja. Je, kazi ya mhariri wa maandiko ya kitaaluma inakwisha anapohakikisha kwamba makala ni ya kisomi, au anawajibika pia kwa jirani anayeandikwa ndani yake?

Gerhard Kittel alikuwa Mlutheri, profesa wa Agano Jipya huko Tübingen, na mjuzi wa maandiko ya Kiyahudi. Mwezi Mei 1933 alijiunga na chama cha Nazi. Mwezi uliofuata alitoa mhadhara juu ya lililoitwa "suala la Wayahudi", nao ukachapishwa mwaka huo huo kuwa kitabu kidogo. Humo alishauri kwamba Wayahudi wa Ujerumani wasihesabiwe tena kuwa raia sawa na wengine, bali wawe wageni katika nchi waliyozaliwa. Nakala moja alimpelekea Martin Buber, mwanafalsafa wa Kiyahudi.

Buber alimjibu kwa barua ya wazi. Barua hiyo ilitokea katika jarida la kitheolojia la Wakristo, Theologische Blätter, lililohaririwa na Karl Ludwig Schmidt, profesa wa Bonn. Januari 1933, majuma machache kabla Hitler hajatwaa madaraka, Schmidt mwenyewe alikuwa amekutana na Buber huko Stuttgart katika mjadala wa hadhara juu ya Kanisa na Israeli. Hawakuafikiana; Schmidt alisimama imara katika imani yake kwamba Kanisa ndilo Israeli ya kweli. Hata hivyo mjadala huo nao ulichapishwa. Tofauti ya imani haikumzuia mhariri huyu kuona kwamba mtu aliyesemwa anastahili nafasi ya kusema.

Mwezi Septemba mwaka huo sinodi ya Kanisa la Prussia ilipitisha sheria ya kuwaondoa katika uchungaji watu wenye asili ya Kiyahudi, hata kama walikuwa wamebatizwa. Vitivo viwili vya theolojia viliulizwa maoni. Kitivo cha Marburg kilijibu kwamba sheria hiyo inapingana na asili ya Kanisa. Kutoka Erlangen, Paul Althaus na Werner Elert, Walutheri wenye sifa kubwa, walishauri kwamba Kanisa liwazuie watu hao wasiingie katika huduma hiyo, ingawa walikubali kuwepo kwa baadhi waliokwisha kuwekwa wakfu. Maoni yote mawili yalichapishwa katika jarida la Schmidt. Wakati huo Schmidt mwenyewe alikuwa amefukuzwa kazi na serikali. Baadaye alikimbilia Uswisi, akafundisha Basel.

Mwaka huo huo Karl Barth alishika njia nyingine. Tangu mwaka 1923 yeye, Eduard Thurneysen na Friedrich Gogarten walikuwa nguzo za jarida Zwischen den Zeiten, yaani "Kati ya Nyakati", chini ya uhariri wa mchungaji Georg Merz. Gogarten alipoelekea upande wa Wakristo waliounga mkono siasa mpya, Barth aliandika makala ya kuaga, naye Thurneysen akajiondoa pamoja naye. Jarida likafa. Barth hakukubali jina lake lisimame kwenye jalada moja na mafundisho aliyoyaona kuwa ni ya uongo.

Je, ni nani aliyefanya vema, aliyeufungua ukurasa au aliyeufunga? Kwa maoni yetu, wote wawili waliitambua kweli moja, kwamba ukurasa una mwenyewe, naye atatoa hesabu. Schmidt alimfungulia yule aliyeshambuliwa. Barth alikataa kumkopesha jina yule aliyeshambulia Injili. Wala hatusemi kwamba kuweka maoni mawili bega kwa bega kulitosha. Msomaji aliyetafuta kisingizio alikipata katika maoni ya Erlangen.

Kittel kwa upande wake aliendelea kuandika, hata katika mfululizo wa machapisho ya taasisi ya serikali uliovikwa vazi la utafiti. Maelezo ya chini ya ukurasa yalikuwapo, lakini elimu hiyo ilitumika kuwapa watesi hoja. Mwaka 1945 Wafaransa walimtia mbaroni. Akafariki mwaka 1948.

Luther, anapoieleza Amri ya Nane katika Katekisimo Ndogo, haishii katika kukataza uongo. Anatudai pia kumtetea jirani na kulinda jina lake jema. Amri hiyo haina kifungu cha kuwasamehe wasomi. Nasi tunaandika juu ya Waislamu tunaoishi nao mtaa mmoja, juu ya wazee wa mila ambao maneno yao tunayachukua bila kuwataja, na juu ya makanisa mapya ambayo tumeyasikia kwa mbali tu. Je, wao wakisoma makala zetu watajitambua humo? Na wakitaka kujibu, je, jarida letu litawapokea?

Kwa hiyo tunawasihi wanaohakiki makala waulize pia nani ataumia kwa yaliyoandikwa, na kama ni haki aumie. Tunawasihi walimu, wanapomwonyesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yale majuzuu kumi, wamweleze pia habari za mhariri wake wa kwanza, na za Schmidt, ambaye makala yake juu ya neno "kanisa" imo humo humo. Ni haki ya mwanafunzi kuzijua zote mbili kabla hajaanza kuandika za kwake.