LAANA YA NABII NUHU: NANI ALILAANIWA, NA KWA KOSA GANI?



Ndugu zangu, Alhamisi baada ya Isha kijana mmoja alinisubiri mpaka watu wote wakatoka msikitini. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shekhe, ni kweli sisi watu weusi tumelaaniwa na Nabii Nuhu?" Nikamuuliza neno hilo amelipata wapi. Akasema kwa mzee mmoja barazani, mzee wa kilemba, tena mzee akaapa kuwa limo vitabuni.

Sikumkasirikia yule mzee. Hata mimi nilipokuwa chuoni, na miaka yangu kumi hivi, nilisimuliwa kisa hicho hicho, nikakaa kimya nikaamini. Basi leo tukifuate tangu kinakotoka. Darsa ni ndefu, mwenye haraka aihifadhi asome usiku.

Chanzo chake ni kitabu cha Mwanzo katika Biblia, sura ya 9. Humo wameandika kwamba baada ya gharika Nuhu alipanda mizabibu, akanywa, akalewa, akalala uchi hemani. Mwanawe Hamu akamwona, akaenda kuwaambia ndugu zake Shemu na Yafethi. Hao wawili wakaingia kinyumenyume na nguo, wakamfunika baba yao. Nuhu alipozindukana na kujua, akalaani.

Sasa tulia hapo. Aliyelaaniwa si Hamu. Ni Kanaani, mtoto wa Hamu, kwamba atawatumikia ndugu zake. Na rangi ya ngozi haikutajwa hata kwa neno moja. Halafu sura ya 10 inawataja watoto wa Hamu wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Wanaohesabiwa kuwa asili ya watu wa Afrika ni hao watatu wa mwanzo. Kanaani ni baba wa watu wa Sham, nchi ya Palestina. Kwa hiyo hata mtu akiichukua habari hiyo kama ilivyoandikwa, Mwafrika hamkuti ndani ya laana.

Na sisi Waislamu hatukubali kabisa kuwa Nabii wa Mwenyezi Mungu alilewa akalala uchi. Qur'ani haina habari hiyo.

Weusi uliingia vipi basi? Uliingizwa na wasimulizi waliokuja baadaye sana, wa Kiyahudi, wa Kikristo, na lazima tuseme kweli, na wa kwetu pia. Zikaitwa Israiliyyat, zikapita mdomo hadi mdomo mpaka zikaingia katika vitabu vya tarehe. Imamu Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, alikusanya mapokezi ya namna hiyo katika tarehe yake. Lakini mwanzoni mwa kitabu alituonya kwamba yeye ananukuu alichopokea, na tukikuta jambo la kuchukiza tujue limetoka kwa waliosimulia. Watu wakachukua kisa, wakaliacha onyo.

Wanazuoni hawakunyamaza. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya fadhila za watu weusi na Wahabeshi, na humo akasema kisa cha laana hakikuthibiti. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake akasema wanaoleta habari hii hawakujua tabia ya jua na joto la nchi, na kwamba Taurati yenyewe haikutaja weusi. Kisha kuna Ahmad Baba wa Timbuktu, mwanachuoni Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 1556. Jeshi la Morocco lilipouteka mji wao alikamatwa, akapelekwa Marrakesh, akakaa huko miaka kabla ya kurudi kwao. Mwaka 1615 akajibu maswali ya watu wa Tuat kuhusu watumwa weusi, na akaikataa hoja ya laana ya Hamu waziwazi: weusi si sababu ya kumfanya mtu mtumwa. Yeye hakuukataa utumwa wote, aliishi zama zake. Lakini mlango huo aliufunga.

Haya si maneno ya kuchekea, ndugu zangu. Kule Marekani, kabla ya vita vya 1861 mpaka 1865, wahubiri walisimama mimbarini na kisa hiki kuhalalisha minyororo. Nasi pwani yetu hatuna cha kunyooshea wengine kidole: soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897, na katika waliouza na kununua walikuwamo Waislamu wenzetu.

Sasa rudini Surat Hud mkasome gharika ilivyo. Wimbi kama mlima, baba yuko jahazini anamwita mwanawe apande, mtoto anasema atakimbilia mlimani. Wimbi likapita kati yao. Nabii Nuhu akamlilia Mola wake kwamba huyu ni katika watu wangu, akajibiwa kuwa si katika watu wake, amali yake si njema. Subhanallah! Mtoto wa Mtume, aliyelingania miaka elfu kasoro hamsini, hakuokolewa kwa damu ya baba yake. Ikiwa damu haikumwokoa mtoto wa Nabii, vipi damu imwangamize mjukuu ambaye hata kuzaliwa bado? Mola huyo huyo ametuambia hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine.

Niongeze moja tu. Wako pia waliosema weusi ni alama aliyotiwa Kaini, ambaye sisi tunamwita Qabili. Someni Mwanzo sura ya 4: alama ile aliwekewa ili asiuawe na yeyote atakayemwona. Ilikuwa hifadhi kwa muuaji! Rehema wakaigeuza kuwa tusi.

Kijana wangu akaniuliza mwishoni, "Kwa hiyo mzee alisema uongo?" Nikamwambia hapana, kweli limo vitabuni, ila hakufika ukurasa wa wanaolikataa. Jumamosi baada ya Maghrib tunaanza Surat Hud msikitini. Nimemwomba aje naye, na mimi mwenyewe nitapita barazani kumwamkia mzee kwanza.

Wallahu aalam.