Nanga Mbili: Msikilizaji Anapomfikia Mwimbaji

Neno nanga kwetu watu wa visiwani halihitaji sherehe. Ni chuma kinachotupwa majini ili chombo kitulie. Lakini mtu akiiacha Pwani akasafiri hadi mkoa wa Kagera, akapita Biharamulo kwa Wasubi na Wazinza, akaendelea magharibi mpaka Ngara kwa Wahangaza na Washubi, atakuwa ameingia nchi za maziwa makuu, ambako neno hilo lina maana nyingine. Wahaya husema enanga. Warundi na Wanyarwanda, ng'ambo ya mito Ruvubu na Kagera, husema inanga. Nao wote hukusudia ala ya muziki. Ni kipande kirefu cha mti kilichofukuliwa kidogo mfano wa chano, na juu yake uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi hata ukawa safu ya nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi nayo, akaichezea kwa vidole, akaimba.

Mfasiri hujifunza mapema kutoyaamini maneno yanayofanana kwa sauti, na haya mawili hayana nasaba moja. Nanga ya chombo ilitujia kwa njia ya bahari. Nanga ya Kagera ni mzaliwa wa nchi kavu. Hata hivyo mfanano huu wa bahati unanifaa, kwa kuwa nakusudia kuzungumza juu ya kile kinachomshika mwimbaji asichukuliwe na mkondo wa kusahauliwa. Dai langu ni kwamba sauti peke yake haitoshi kumshika. Hushikwa na msikilizaji aliyeondoka kwake, akaenda kumkabili uso kwa uso, akarudi na kalamu.

Tuanze na nanga ya Kagera. Sauti yake ni ya upole. Haishindani na ngoma wala haivuki uwanja. Nchini Burundi, jirani kabisa na Ngara, upo mtindo mashuhuri ambao mwimbaji hunong'ona badala ya kupaza sauti, na mnong'ono huo ukachanganyika na nyuzi hata mtu asijue upi ni wa koo na upi ni wa uzi. Muziki wa namna hii humlazimisha msikilizaji kusogea. Katika enzi ya watawala wa Buhaya, malenga wa nanga walisimulia habari za mashujaa kama Rukiza na Kachwenyanja, na za Mugasha mwenye ziwa, mbele ya watu waliowajua kwa majina. Hapakuwa na mpenzi wa mwimbaji asiyepata kumwona. Kumpenda kulikuwa ni kuketi karibu naye, na aliyeketi karibu aliweza kuitika, kucheka na kudai kisa kirudiwe.

Huku kwetu mambo yalibadilika mwaka 1928. Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri, na sahani zikarudi Afrika Mashariki zikiwa na nyimbo za Kiswahili. Kufikia mwaka 1931 zilikwisha kuuzwa sahani zipatazo 72,000. Tuitafakari hesabu hiyo kwa watu wa wakati ule. Kila sahani ilipigwa barazani au mkahawani, ikasikilizwa na jamaa, majirani na wapita njia. Kwa mara ya kwanza mwimbaji wa Kiswahili alipata wapenzi elfu kwa elfu wasiopata kumtia machoni. Walimjua Siti kwa pumzi na kwa mkato wa maneno yake, lakini hawakujua anavyoketi, anavyopokea mgeni, wala anavyonyamaza.

Faida ilikuwa kubwa, na hasara ilikuwamo. Sahani ya santuri huchukua dakika chache tu, na haiwezi kuulizwa swali. Haikuweza kueleza kwamba mwanamke huyu alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, na kwamba jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Haikueleza kwamba alikuwa mfinyanzi, mtoto wa mafukara, aliyehamia mjini mwaka 1911, wala kwamba wenye husuda walimkejeli kwa nasaba yake na kwa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Hayo yalikaa katika vifua vya waliomjua, na vifua hivyo vilikuwa vikizeeka.

Hapo ndipo anapoingia Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akawa karani wa serikali, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa mshairi anayejulikana. Siku za mwisho za maisha ya Siti, aliyefariki mwezi wa Julai 1950, Shaaban Robert alikutana naye akamhoji, na kutokana na mazungumzo hayo ukazaliwa Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958.

Natamani msomaji auone uzito wa mkutano huo. Huyu alikuwa mwanamume wa Bara aliyesifika kwa kalamu; yule alikuwa bibi aliyesifika kwa koo, naye hakupata kukaa darasani. Mgeni wa namna hii angeweza kuridhika na salamu, akarudi Tanga kusimulia kwamba amemwona Siti kwa macho yake. Wapenzi wengi wa waimbaji huishia hapo, wala si dhambi. Shaaban Robert aliuliza: ulizaliwa wapi, ulilelewaje, ulijifunza kwa nani, nani alikuudhi, nawe ulifanya nini? Maswali hayo ni ya kawaida kabisa, lakini kila moja lilikuwa mlango ambao miezi michache baadaye usingefunguka tena.

Jawabu alilopata lilimbadilisha muulizaji mwenyewe. Katika Wasifu, Siti hakusawiriwa kama kinanda kinachoimba. Ni mtu mwenye subira, anayejua thamani ya kazi yake na kuwahurumia wenziwe. Wako wanaolalamika kwamba mwandishi amemsafisha mno, kwamba amemfanya mfano wa maadili kuliko mwanamke wa nyama na damu. Malalamiko hayo yana haki yake, kwa maana Shaaban Robert aliona maadili kila alikotupa macho. Lakini tukumbuke kwamba miaka ile ile alikuwa akiandika pia habari za maisha yake mwenyewe. Alikuwa akitafuta namna ya Kiswahili cha nathari kubeba maisha ya mtu asiye sultani wala mwanachuoni. Binti wa mfinyanzi alimpa maisha hayo. Ndipo mwanamke aliyeitwa Mtumwa akawa miongoni mwa watu wetu wa kwanza kuandikiwa kitabu cha wasifu katika lugha yake mwenyewe. Masikitiko ni kwamba kilichapwa akiwa kaburini kwa muda wa miaka minane.

Sasa turudi Kagera, kwani huko nako nanga iliyumba. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu, na malenga waliokuwa wakitegemea baraza za wakama ikawabidi watafute wasikilizaji kwingine. Baadhi yao, kama Habibu Selemani wa Buhaya, walibaki na sifa kubwa. Aliyeshika kalamu mara hii alikuwa mzaliwa wa Kagera, M. M. Mulokozi. Wasomaji wengi wa Pwani wanamkumbuka kwa ugomvi. Diwani yake na K. K. Kahigi, Malenga wa Bara, ya mwaka 1976, iliwaudhi walioamini kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Lakini mtu huyo huyo aliwaendea wapiga nanga, akawasikiliza wakiwa hai, akaandika juu yao tasnifu aliyoikamilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akitetea kwamba wanachokiimba ni utendi kamili.

Mimi nadhani mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Aliyekua karibu na nanga, ambayo mstari wake hurefuka na kufupika kwa kufuata kisa na pumzi ya msimulizi, hawezi kuona ajabu shairi likikosa kina. Laiti tungalizijua nyuzi zile, pengine mabishano yetu yangalikuwa na adabu zaidi. Na tazama jinsi kamba zinavyokutana: ni Mulokozi huyo aliyehariri Barua za Shaaban Robert, zilizotoka mwaka 2002. Msikilizaji wa nanga akawa mtunzaji wa msikilizaji wa Siti.

Ngara yenyewe ilipata mtihani mkubwa kuliko huo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, wakajaa kambi ya Benaco. Na Warundi nao waliishi Lukole kwa miaka mingi. Mwaka 1995 ikaanzishwa huko Redio Kwizera, kwa juhudi za shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na jina lake maana yake ni kutumaini. Katika nchi iliyozoea kumsikiliza mwimbaji akiwa hatua mbili mbele yao, maelfu walikusanyika kusikiliza sauti zisizo na nyuso. Mkimbizi hakuweza kurudi kwa mpiga nanga wa kijijini kwake, na pengine mpiga nanga mwenyewe hakuwapo tena. Hapo ndipo tunapoelewa kwamba kukutana na mwimbaji si jambo la anasa. Ni fursa, na fursa hukatika.

Wala Pwani tusijione salama. Bi Kidude, aliyerithi nyimbo za Siti, alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Alipigwa picha, akafanyiwa filamu, akazungushwa dunia nzima, na wapenzi wake wasiohesabika walimshika mkono. Pamoja na hayo yote mwaka aliozaliwa haujulikani kwa yakini. Tulikutana naye mara nyingi, ila waliouliza na kuandika kwa utulivu walikuwa wachache.

Basi ndugu msomaji, ikiwa yupo mwimbaji unayempenda, awe mpiga gambusi wa mtaani kwako au mzee wa nanga huko Biharamulo, mwendee angali na pumzi. Usiende kuomba picha peke yake. Muulize jina alilopewa na mamaye, mwalimu wake, na wimbo aliouacha kuuimba na sababu ya kuuacha. Kisha andika tarehe juu ya karatasi, na uandike kama alivyosema.