Elimu ya Mwili wa Binadamu: Kutoka Kojani Mpaka Chuoni

Tunapoutaja utamaduni wa taifa aghalabu huwa tunakusudia ngoma, mashairi, mavazi, na labda ufundi wa kujenga nyumba na majahazi. Ni nadra kwa mtu kuutaja mwili wake mwenyewe. Hali ya kuwa hapana kitu ambacho watu wa kila nchi wamekitazama kwa muda mrefu zaidi kuliko mwili, wakakipa majina sehemu baada ya sehemu, wakakiuguza kilipoumwa, na wakakiosha kilipokufa. Makala haya yanakusudia kuitazama historia ya elimu hiyo, na nimechagua kuanzia Kojani.

Kojani ni kisiwa kidogo kilichoko kaskazini mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete. Kimetengwa na ardhi kubwa kwa mlango mwembamba wa bahari ambao huvukwa kwa chombo. Watu wake ni wengi kupita ukubwa wa ardhi yao, na riziki yao kubwa ni bahari. Pwani nzima wanajulikana kwa kwenda dago: hufunga safari na nyavu zao, wakapiga kambi kwa miezi kadhaa Unguja, Tanga, Mafia, hata pwani ya Kenya, kisha wakarejea kwao. Katika uvuvi wao mna kazi ya kupiga mbizi ili kuwaswaga samaki waingie wavuni, na kazi hiyo hufanywa kwa pumzi ya mtu mwenyewe.

Kijana aliyekulia humo akibahatika kumaliza skuli na kuingia chuo cha afya, moja katika masomo ya mwanzo atakayokutana nayo ni anatomia na fiziolojia. La kwanza linahusu umbo la viungo na mahali vilipo. La pili linahusu kazi zake. Hufundishwa kwa Kiingereza, na majina mengi ni ya Kilatini na Kigiriki. Kwa namna vitabu vilivyoandikwa, kijana huyo anahesabiwa kuwa hajui kitu. Mimi nina shaka na hesabu hiyo, na sababu zangu ni hizi.

Tuanze na sikio. Mzamiaji akishuka pima mbili tatu tu huanza kusikia maumivu masikioni. Nyuma ya ngoma ya sikio mna kijumba kidogo chenye hewa. Kadiri mtu anavyoshuka, ndivyo maji yanavyozidi kumkandamiza. Akifika mita 10, yaani kiasi cha pima tano na nusu, mkandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyofungiwa hutaka kujikunja ikae katika nusu ya nafasi yake. Ngoma ya sikio basi husukumwa ndani, ikauma, na isipopata nafuu hupasuka. Dawa yake ni kumeza mate, au kubana pua na kusukuma pumzi, ili ufunguke mfereji mwembamba utokao kwenye kijumba kile hadi nyuma ya pua. Mfereji huo ulielezwa na Mtaliana Bartolomeo Eustachi katika karne ya 16 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mwenziwe, Antonio Maria Valsalva, aliandika kitabu kizima juu ya sikio mwaka 1704, na kitendo cha kubana pua na kusukuma pumzi kikapewa jina lake yeye. Wapiga mbizi wa dunia walikuwa wakibana pua zao bila ya kumjua Valsalva, na sidhani kama Valsalva naye aliwajua wao.

Hata hivyo tusijipambe kupita kiasi. Kujua kutenda ni jambo moja, na kujua kwa nini ni jambo jingine. Chukua suala la pumzi. Wengi wetu hudhani kwamba anayezama hutamani kuvuta pumzi kwa sababu hewa safi imemwishia. Fiziolojia inatufundisha kwamba hamu ile huletwa zaidi na kabonidayoksaidi inayozidi katika damu, na mapema zaidi kuliko kupungua kwa oksijeni. Kwa hivyo mtu anayehema kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama, akidhani anajiwekea akiba, huwa anaitoa ile hewa chafu ambayo ndiyo kengele yake. Kengele haitalia. Oksijeni itamwishia naye hana habari, atapoteza fahamu chini ya maji, tena bila ya onyo. Jambo hili halijulikani kwa kuzama tu, kwani wengine waliolipata kwa njia hiyo hawakurudi kusimulia. Hapo chuo kinalipa gharama zake zote.

Basi na tutazame jinsi walimwengu walivyopita njia hii. Kiasi cha miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, katika mji wa Aleksandria, tabibu Herophilus alipasua maiti za watu na akaandika aliyoyaona. Baada yake alikuja Galen, aliyeishi katika karne ya 2, naye alitegemea zaidi nyani, nguruwe na wanyama wengine, kisha akaelezea mwili wa binadamu kwa kulinganisha. Alisema, kwa mfano, kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili, na watu wakamwamini kwa zaidi ya miaka 1300, mpaka Andreas Vesalius alipotoa kitabu chake mwaka 1543 na kuonyesha kwamba ni mfupa mmoja. Katikati ya watu hao alikuwapo Ibn al-Nafis, tabibu wa Kiarabu aliyefanya kazi Cairo na kufariki mwaka 1288. Yeye alikataa kauli ya Galen kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo, akasema kwamba hupitia mapafuni kwanza. Maneno yake yalisahauliwa hata mwaka 1924, alipoyakuta daktari mmoja wa Kimisri aliyekuwa akisoma Ujerumani, katika muswada uliohifadhiwa maktaba ya Berlin. William Harvey wa Uingereza alikuwa amekwisha kueleza mzunguko mzima wa damu mwaka 1628.

Nimeyataja haya kwa sababu nasi tuna kina Galen wetu. Nani visiwani ameona ndani ya kiumbe? Ni mchinjaji wa mbuzi wa Idi. Mkunga amejua mlango wa uzazi kwa vidole vyake, mpiga chuku amejua mahali pa kuumika, na mwosha maiti amejua namna viungo vinavyokakamaa na kulegea. Elimu ya kila mmoja wao ni ya kweli na ina mpaka. Anayejifunza tumbo kwa mbuzi atakuta vyumba vinne. Binadamu ana kimoja.

Ama kuhusu majina, hapo ndipo ninapotaka kukaa zaidi, maana maneno ndiyo kazi yangu. Mwanafunzi wetu hushtuka anapoyasikia majina ya Kilatini, akadhani yameshuka pamoja na sayansi yenyewe. Lakini mfupa wa muundi, ambao chuoni huitwa tibia, umepewa jina la zumari. Mtulinga umeitwa klavikula, yaani kijifunguo. Kifuniko cha goti ni patela, kisahani. Msuli kwa Kilatini ni kipanya. Haya yote ni maneno ya jikoni na mtaani ya watu wa Roma, ambao walitazama kiungo wakakifananisha na kitu kilichokuwa karibu nao. Nasi tumefanya vivyo hivyo. Walipoona kisahani, wazee wetu waliona pia, ile inayochezewa na watoto, wakasema pia ya goti. Ile nyama ndogo inayoning'inia kooni sisi tukaiita kilimi, ulimi mdogo, na Warumi wakaiita uvula, kizabibu. Sioni ni kwa kipimo gani zabibu ina elimu zaidi kuliko ulimi.

Mtoto wa Kojani atakutana na mzaha mmoja zaidi. Anapofundishwa habari za tezi zinazomimina maji yake mwilini, neno hilo alikwisha kulijua tangu utotoni kwa maana ya nyuma ya chombo, maana kila baharia anajua tezi na omo. Ni maneno mawili yaliyokutana njiani wala hayana udugu.

Neno lenye mashaka ya kweli ni mshipa. Katika Kiswahili cha kila siku mshipa ni njia ya damu itokayo moyoni, na ni njia ya damu irudiyo. Ni ule uzi upelekao habari ubongoni. Ni kano inayovuta kidole. Tena ni maradhi ya ngiri, na ni busha. Mwalimu wa chuo akisikia hivyo hutikisa kichwa na kusema lugha yetu haifai kwa sayansi. Angewatazama Wagiriki. Neno lao ambalo leo limekuwa neva lilikuwa na maana ya kano, na ni Herophilus na wenziwe waliozitenganisha. Neno ateria nalo lilitumika kwa koromeo pia, kwani walidhani njia zile zimechukua hewa. Wagiriki hawakuitupa lugha yao kwa ajili hiyo, waliligawa neno. Nasi tunaweza kusema mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, na panapohitajika ukali zaidi tukasema ateri, vena na neva.

Na mara nyingine neno la zamani lina jicho kuliko tunavyodhani. Matende na mabusha ni maradhi yaliyousumbua sana Pemba na Unguja, hata mwaka 2001 Zanzibar ikaanza kuwapa dawa wananchi wote kwa mpigo. Vijidudu vyake, vinavyoenezwa na mbu, hukaa ndani ya mishipa ya limfu, vikaizuia njia. Mzee aliyesema ana mshipa hakuwa ameuona huo wa limfu, lakini amini usiamini, maradhi yalikuwa humo.

Madhara ya kutoelewana maneno niliyaona mwenyewe. Ami yangu, mpiga mbizi aliyestaafu, aliumwa, nikampeleka hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Kijana aliyekuwa katika mafunzo alimwuliza panapouma. Akajibu, "Chembe cha moyo, mwanangu." Kijana akaandika kwa Kiingereza kwamba mgonjwa anaumwa na moyo. Siku tatu alitazamwa kama mgonjwa wa moyo. Ya nne akaja muuguzi mtu mzima, akamwamkia, kisha akasema, "Mzee wangu, hebu niwekee kidole hapo panapouma." Ami akaweka kidole chini ya ncha ya kidari, juu ya kitovu. Chembe cha moyo ni mahali hapo, na chini yake ni tumbo la chakula. Ilionekana baadaye kwamba ana vidonda vya tumbo. Simlaumu sana yule kijana, maana yako maradhi ya moyo ambayo huuma papo hapo, na kuhofu kwake hakukuwa upuuzi. Lakini alikuwa Mswahili kama sisi, na neno hilo nyumbani kwao alilisikia. Chuo kilimfundisha jina la mahali hapo kwa lugha nyingine, wala hapana aliyemwambia kwamba ndipo pale pale.

Vyuo vyenyewe vina historia fupi. Mafunzo ya udaktari Mulago, Uganda, yalianza mwaka 1924, na kwa miaka mingi huko ndiko walikokwenda vijana wa Afrika Mashariki. Skuli ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili. Zanzibar ilipata Chuo cha Sayansi za Afya huko Mbweni, ambacho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Katika vyote hivyo lugha ya vitabu imebaki ya kigeni. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari na hatimaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kazi ya istilahi haikulala lakini. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilisanifu maneno mengi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na baadaye kamusi ya tiba. Ninavyoona mimi, kamusi hizi zina maneno ya kutosha kumfunza mwanachuo mwili mzima. Kilichopungua ni mwalimu kuzifungua.

Ule mfereji wa Eustachi umekuwa ukinisumbua. Nilimwuliza ami yangu, baada ya kupona, watu wa mbizi wanauitaje. Tulikuwa tumekaa bandarini Kojani, vijana wanapakia nyavu kwenda dago. Akafikiri, akabana pua, akasukuma, akasikiliza. "Jina hatuna," akasema. "Sisi twasema sikio limetoa pumzi. Kama mwataka jina, basi ni njia ya pumzi ya sikio." Nikaliandika nyuma ya tiketi ya boti.