Mikono Kabla ya Mashine

Tiba ya wagonjwa mahututi ilizaliwa kwenye uhaba. Sisi tunaofundisha madaktari wa watoto tumezoea kuanza somo na mashine: hii inasukuma hewa, ile inapima oksijeni. Mimi huanza na Copenhagen, mwaka 1952, ambako mashine karibu hazikuwapo.

Polio ilikuwa imeingia mjini. Hospitali ya Blegdam ilifikia kupokea hadi wagonjwa 50 kwa siku, wengi wao watoto. Waliopooza misuli ya kupumua na kumeza walikuwa wakipaliwa na mate yao wenyewe. Hospitali nzima ilikuwa na pafu la chuma moja, lile pipa linalomfunika mgonjwa mwili mzima na kuacha kichwa nje, na vifaa sita vya kufunika kifua. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa humo, 27 walikufa ndani ya siku 3.

Mganga mkuu, Henry Lassen, alishauriwa amwite Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi. Ushauri huo ulishangaza. Enzi zile daktari wa usingizi alikuwa mtu wa chumba cha upasuaji, tena msaidizi wa mpasuaji. Wodini hakuwa na la kufanya. Lakini Ibsen, aliyewahi kujifunza Boston, alitazama mapafu ya waliokufa na majibu ya damu, akasema watoto hawa wanauawa na hewa ya ukaa inayolundikana mwilini. Dawa yake aliijua, kwa sababu kila siku aliwapumulia watu waliolazwa kwa nusukaputi.

Tarehe 27 Agosti alikabidhiwa msichana wa miaka 12, Vivi Ebert, aliyekuwa akikata roho. Shingo ilitobolewa, bomba likapitishwa. Vivi akahangaika, hewa ikagoma kuingia. Ibsen akamchoma dawa ya usingizi. Pumzi yake mwenyewe ilipokoma, mkono wa daktari ukapata nafasi ya kufanya kazi: akabana mfuko, kifua kikapanda, rangi ikarudi. Vivi aliishi hadi mwaka 1971.

Sasa wagonjwa walikuwa wengi na mifuko ilihitaji mikono. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari na wa meno, jumla yao kama 1,500. Kwa zamu, usiku na mchana, kwa miezi, walikaa kando ya vitanda wakibana mpira. Vifo miongoni mwa waliopooza pumzi vilishuka kutoka zaidi ya asilimia 80 hadi karibu 40, kisha vikazidi kushuka.

Vijana hao walikuwa na umri kama wenu. Walifundishwa palepale kitandani, wakajifunza kusoma uso wa mtoto asiyeweza kusema kwa sababu ya bomba shingoni. Waliwasomea hadithi. Wengine walikuwa wameshika mfuko mtoto alipofariki, na kesho yake wakarudi zamu.

Mengine yalifuata upesi. Desemba 1953 Ibsen alifungua wodi ya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingine ya Copenhagen. Mwaka 1955 Göran Haglund alifungua ya watoto huko Göteborg, Uswidi. Mwaka 1956 Henning Ruben na Holger Hesse walitoa mfuko unaojijaza hewa wenyewe hata pasipo mtungi wa gesi. Ndio ile ambu ambayo wauguzi wetu huiita kwa sauti mtoto anapoacha kupumua.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika. Tangu mwaka 1950, Copenhagen ilikuwa na kozi ya Shirika la Afya Duniani ya kuwafundisha madaktari wa nchi mbalimbali kazi ya usingizi. Vijana 1,500 walifaa kwa sababu juu yao alikuwepo aliyefunzwa, aliyejua bomba likiziba afanye nini.

Nimewahi kuona mashine mpya ya kupumulia imefunikwa shuka kwenye kona ya wodi, kwa kukosa mtu wa kuisimamia usiku. Mashine husafirishwa kwa meli. Mtaalamu huchukua miaka. Na mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa: njia yake ya hewa ni nyembamba, ulimi ni mkubwa kwa kinywa chake, na oksijeni humwishia haraka. Aliyezoea watu wazima tu anaweza kupoteza sekunde ambazo mtoto huyo hana.

Leo Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari wa usingizi wa watoto na wa watoto mahututi, na Cape Town inapokea madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika, wakihitimu warudi kwao. Bado ni wachache mno.

Wanafunzi wa Copenhagen walirudi darasani gharika ilipopita. Kwetu nimonia na malaria kali hazina msimu wa kuaga. Mikono ya dharura iliwatosha wao kwa miezi. Sisi tunahitaji mikono iliyofunzwa, iwepo zamu kila usiku.